Sharti la Kibo

Kwa muda unaotosha mtoto kuvua kaptura, kusoma na kuota ndevu, mimi niliamini kwamba hakuna binadamu anayepewa shahada ya chuo kikuu kabla hajapanda Kibo mpaka juu. Sikuiamini habari hiyo nusunusu, kama mtu anavyoamini kwamba jogoo akiwika mlangoni mgeni yuko njiani. Niliiamini kwa moyo wangu wote, nikawaeleza wengine, na mara moja nikaibebea mhuri.

Nimestaafu juzi tu. Vijana wa masjala wamenitaka niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, hasa upande wa masharti ya vyuo, kwa maana wameambiwa kwamba katika mambo hayo nilikuwa bingwa wa Moshi nzima. Aliyewaambia ni mimi. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, maana vyote viwili vilikuwa vifupi, na kitu kifupi hakionekani kwa mbali.

Mimi ni mtoto wa Majengo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, wazee wake wakitokea Pangani. Mama ni mtu wa Kahe. Nyumbani tuligombana kwa lugha mbili na kupatana kwa Kiswahili. Mchana nilishona vifungo barazani kwa baba, na jua likizama nilikwenda shule ya usiku, iliyokuwa chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka la mkaa. Masharti ya kuhitimu pale yalikuwa mawili: uje na mafuta yako ya taa, na usisinzie mbele ya mwalimu. La kwanza nililitimiza. La pili mwalimu alinisamehe, kwa sababu alikuwa akisinzia kabla yangu. Nilitoka na cheti cha Kiingereza, hesabu na kupiga taipu, na kwa cheti hicho nikajiona nimemaliza elimu yote iliyopo, yaliyobaki ni maelezo.

Siku ya kwanza ofisi ya elimu nilifika kabla ya mfagiaji. Suruali alinishonea baba, na kwa kuwa alitumaini bado nitarefuka, aliacha kitambaa cha akiba mguuni. Nilitembea kama mtu anayevuta nyavu. Penseli nilikuwa nayo sikioni, nyingine mfukoni, na ya tatu mkononi, ili mtu asidhani nimekuja kuomba kazi.

Karani mkuu alikuwa Bwana Pereira, Mgoa mwembamba wa suti nyeupe, aliyekunywa chai ya tangawizi kila saa na kuandika mwandiko ambao nzi angeogopa kutua juu yake. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinipeleka kwenye dirisha la kupokea watu, akaniambia, "Hamisi, kazi yako ni hii. Mtu akija, msikilize. Ukijua jibu, mpe. Usipojua, sema sijui, kisha uje uniulize."

Mafundisho matatu hayo. Mawili ya kwanza niliyashika vizuri.

Mtu wa kwanza kufika dirishani kwangu alikuwa bwana mmoja wa Kirua Vunjo, koti zito la sufu lililokwisha rangi, miguu mikubwa, uso uliochomwa na jua la juu ambalo si letu sisi wa mjini. Alisimama. Mimi nilikuwa nikipanga penseli. Nilimwambia asubiri, bila hata kumwamkia, na yeye ni mkubwa kuliko baba yangu. Nilipomaliza penseli nikapanga vibana karatasi. Kisha nikafuta meza. Nilitaka aone kwamba serikali ina shughuli. Ilipokaribia adhuhuri nikainua kichwa.

"Una shida gani?"

"Mimi ni Ndekirwa. Nina mtoto, Elisaria. Anamaliza shule ya kanisani kwetu. Nauliza akiendelea, ataendelea mpaka wapi."

Hilo lilikuwa swali la maana, na mimi nililipenda kwa sababu lilinipa nafasi. Nikamweleza shule moja baada ya nyingine, nikipanda nazo kama ngazi, mpaka nikafika mwisho wa ninayoyajua na nikaendelea kupanda. "Huko juu kabisa," nikasema, "kuna shahada."

"Na shahada mtu huipataje?"

Wenzangu, hapo ndipo penye neno sijui. Nililitafuta mdomoni nikakuta halipo. Nikakohoa. Mzee Ndekirwa alinitazama, akabadilisha mguu wa kusimamia, akasema taratibu kabisa:

"Nauliza tu, Karani, kwa sababu kazi yangu ni kupandisha Wazungu Kibo. Na sijawahi kumpandisha asiye na shahada au asiyeitafuta. Daktari, profesa, mchungaji, mwalimu. Wenyewe wananiambia ndilo sharti la mwisho. Anayefika juu namvisha taji la maua ya mlimani, yale meupe yasiyonyauka, anarudi kwao anapewa karatasi. Anayetapikia njiani hapewi. Nilidhani ninyi hapa mnalijua."

"Tunalijua sana," nikasema. "Nilikuwa nakupima."

Akaniaga kwa heshima, akaondoka akichechemea.

Sasa msinicheke kabla hamjapima ushahidi. Ni kweli Wazungu waliokuja kupanda walikuwa na herufi nyingi nyuma ya majina yao. Niliziona kwenye masanduku yao stesheni. Ni kweli walioshuka walivishwa taji la maua kwenye kofia. Tena kila mwaka ofisini kilikuja kitabu kinene kutoka London, chenye masharti yote ya shahada, na ndani yake mlikuwa na picha ya waliohitimu. Niliitazama picha ile mpaka nikakaribia kuwajua kwa majina. Wamevaa joho refu: la baridi hilo. Mgongoni wana kitu kama mfuko unaoning'inia: cha kuwekea mkate na maji. Kofia ni bapa juu, pembe zimekatwa sawasawa, na nikitoka nje nikakitazama kilele cha Kibo asubuhi, nacho ni bapa vilevile. Nyuso zao zilikuwa za watu waliochoka, wanaoumwa kichwa na wasiotaka kuongea. Mnataka ushahidi gani tena?

Bwana Pereira hakunikosoa kwa sababu hakujua ninaloamini. Sikumwuliza kamwe. Mtu huuliza asichokijua.

Yeye alinifundisha kusoma kitabu kile kwa namna ambayo hata leo sijaona mwenye kuizidi, nanyi vijana ninawaachia kama urithi, maana huu ni wake na haukupita kwangu vibaya. Alisema masharti ya shahada ni nyumba ya milango mitatu. Wa kuingilia: vyeti gani mtu awe navyo, katika masomo gani, na vipatikane kwa mkupuo mmoja au kidogokidogo. Wa katikati: mtihani wa kumruhusu aendelee, ambao wazazi wengi hudhani ndio mwisho, wakachinja mapema. Na wa kutokea: mitihani yote ya mwisho ipite, masomo ya lazima yasipungue hata moja, na mihula ya kukaa chuoni itimie. "Mtu akikwambia nimemaliza," alisema, "mwulize amemaliza nini. Kumaliza kuna ndugu wengi."

Mambo mengine aliyosema yalinishangaza. Siku moja aliniambia kwamba chuo huhesabu mihula aliyokaa mwanafunzi pale pale chuoni, na kwamba anayejua kila kitu lakini hakukaa hapewi shahada. Nilimwitikia, lakini moyoni nilimcheka. Nikasema, mzee wa watu, chai ya tangawizi imempanda kichwani. Shahada ipatikane kwa kulala? Nilirudi nyumbani nikawasimulia watu wa barazani, tukacheka mpaka baba akajidunga sindano. La kweli nililikataa hivyo, na la mlima nililishika kama sala.

Miaka mingi jambo hilo halikumdhuru mtu. Watu wa dirishani waliulizia nafasi za shule, vyeti vilivyoliwa na mchwa, na majina waliyobadilisha wakibatizwa. Shahada hakuna aliyeiulizia. Nilipiga taipu barua, nilibadilisha karatasi za kaboni, nilizoea mashine ambayo herufi yake ya M iliruka juu ya mstari kama panzi, hata jina la Moshi likaonekana siku zote linapanda mlima. Na jioni barazani, mtu akitaja wasomi, nilieleza sharti la Kibo bila kudaiwa chai.

Kisha Mzee Ndekirwa akarudi. Koti lilikuwa lilelile, nywele zimekuwa nyeupe. Safari hii mimi nilikuwa mtu mzima, nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Karani. Leo umeniamkia."

"Elisaria hajambo?"

"Ndiye aliyenileta. Yuko chuoni Uganda miaka hii yote, sasa amekuja likizo. Nimemwuliza, shahada lini? Anasema, Baba, limebaki sharti moja. Nikimwuliza lipi, anakwenda kuangalia ng'ombe. Karani, tuna ng'ombe mmoja. Ameangaliwa mpaka amekonda."

Nikavaa miwani, ambayo wakati ule sikuihitaji. "Twende mlango kwa mlango. Masomo?"

"Anasema amesoma yote."

"Mihula?"

"Huko analala, huko anaamkia."

"Karo?"

"Hiyo uulize mgongo wangu."

Nikafunga mlango mmoja mmoja kichwani, nikabaki na mmoja tu. Sijawahi kuwa na uhakika kama ule, hata siku niliyooa. "Basi, mzee, limebaki la mlima."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni na mgeni asiyemjua.

"La mlima," akasema.

"La Kibo. Wewe unalijua kuliko mimi."

"Limo kwenye kitabu?"

Hapo mtu mwenye akili angekifungua kitabu. Mimi nilikipiga kofi kwenye jalada. "Mzee, kitabu hiki kimetoka London."

Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli.

"Na serikali inalijua?"

"Hapa dirishani, mzee, unaongea na nani?"

Akavua kofia. Akasema, "Basi kumbe," akaondoka akitikisa kichwa.

Sasa nitawaambieni nisilolijua siku ile, ili mnione vizuri. Sharti lililobaki lilikuwa karatasi moja ya Jiografia. Elisaria alipasi nyingine zote, hiyo ikamwangusha. Chuo kilimpa mtihani wa marudio, mara moja tu, asubuhi ya Jumatatu. Asiyefika, safari yake ya shahada imekwisha, na miaka yote inabaki hadithi. Ili afike ilimpasa apande treni ya Alhamisi hapa Moshi, azunguke kwa Voi na Nairobi mpaka Uganda. Hakumwambia baba yake kwa aibu. Na baba yake, siku mbili baada ya kuachana nami, alimwambia ajiandae kupanda Kibo, kwa kuwa serikali imesema. Wangeanza Jumamosi, Jumatano wangekuwa chini. Elisaria alipiga hesabu akaona siku zinatosha, endapo hakuna atakayechelewa hata kwa kufunga kamba za viatu.

Ilionekana lazima awepo shahidi wa serikali. Ilionekana na mimi. Nilimwomba Bwana Pereira likizo, nikamwambia nakwenda kumsaidia mwanafunzi kutimiza masharti, akasema laiti makarani wote wangekuwa hivyo. Sandukuni mlikuwa na mhuri mkuukuu wa ofisi uliovunjika pembe, ambao haukutumika tena. Nikauchukua na kibao chake cha wino, nikautia mfuko wa suruali. Nilikusudia kumgongea Elisaria cheti palepale juu, upepo ukivuma.

Tuliondoka Kirua wanne: Mzee Ndekirwa, Elisaria, mpagazi mmoja mkimya, na mimi, katika viatu vya ofisi vilivyolia kama vifaranga. Elisaria alikuwa kijana mrefu wa miwani, mpole, na kifuani ndani ya sweta alikuwa ameficha kitabu. Tulipopita migomba ya mwisho na kuingia msituni, aliniacha nimfikie.

"Shikamoo, Bwana Karani. Samahani. Sharti hili umelisoma mwenyewe?"

"Kijana, nililijua kabla hujavaa suruali ndefu."

Mbele yetu baba yake alikuwa amebeba mzigo wake na wangu, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani, akikata kona kama mtu anayetembea nyumbani kwake.

"Sijamsikia akipiga mluzi tangu niende chuo," Elisaria akasema. "Haya, twende."

Nilidhani nimemshinda kwa hoja.

Kibanda cha kwanza nilikifikia kwa miguu yangu. Elisaria alifungua kitabu chake karibu na moto, nikamwonya: "Weka hicho, mlima hausomwi." Akajibu, "Ndiyo, Bwana Karani," akafunua ukurasa mwingine. Kesho yake mvua ilitunyeshea kutoka juu, kisha kutoka mbele, kisha, naapa, kutoka chini. Baridi ya kule haifanani na baridi. Uji ukiumimina unakatika vipande. Niliwaza neno Jumapili asubuhi nikalisahau, nikaja kulikumbuka Majengo mwezi uliofuata, lilipokwisha kuyeyuka.

Kibanda cha pili nilikifikia kwa miguu ya mpagazi. Kichwa kilikuwa kikinipiga kama karakana ya wahunzi. Kilichokuwa tumboni kilitoka, kisha kikatoka ambacho sikumbuki kukila. Nilijilaza uso nikiuelekeza ukutani, na yaliyosemwa pale niliyasikia kama mtu asikiavyo majirani.

Mzee Ndekirwa alichungulia nje. Ukungu ulikuwa umefunga, na vipande vya barafu vilikuwa vikidunda mlangoni. "Kesho tutashinda hapa," akasema. "Karani apate nguvu. Bila shahidi mlima hauhesabiki."

"Baba, tukishinda hapa nitachelewa."

"Utachelewa nini? Kibo hakiendi mahali."

"Treni ya Alhamisi."

"Treni ya nini?"

Nilisikia kuni zikilia. Kisha Elisaria akasema, "Nina mtihani Jumatatu. Wa marudio. Ndilo sharti lililobaki, Baba. Nisipofika hawatanipa nafasi nyingine."

"Ulifeli?"

"Karatasi moja."

"Ya nini?"

"Jiografia." Sauti yake ilishuka. "Ile ya milima."

Hata mpagazi, ambaye tangu Kirua hakuwa amesema neno, alisema, "Duh."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliwaambia watu wote kanisani kwamba sijawahi kuanguka mtihani."

"Nilisema?"

"Ulisimama ukasema, Baba. Kabla ya sadaka."

Mzee aliongeza kuni. Niliona kivuli chake kikiinama na kuinuka. "Elisaria," akasema, "hapa hapa tulipo nimerudisha watu. Wakubwa, wenye buti za bei. Mmoja alilia. Wakarudi mwaka mwingine, wakapanda, nikawavisha taji lilelile wanalovishwa wote. Sina taji la waliopanda mara moja na taji la waliorudia. Ungeniambia, ningekuelewa kuliko mtu yeyote wa Kirua."

"Ndiyo, Baba."

"Jiografia," akasema mzee, na sauti ilikuwa imeanza kucheka. "Na umezaliwa juu yake."

Kisha akaja kunitikisa bega. "Karani, tunashuka."

Nikasema kwa sauti ya mtu anayezikwa, "Na sharti?"

"Limebadilika. Amka."

Sikuamka, nikaamshwa. Mvua, matope na uzito wangu vilikula siku zote mpaka Alhamisi. Jinsi tulivyoshuka sijui vizuri, kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa mgongoni mwa Elisaria, msomi wa chuo kikuu, aliyeniteremsha kwenye matope akijisomea kwa sauti habari za mito ya barafu na namna inavyochimba mabonde. Alipokosea, aliniomba nimsahihishe. Nilimwambia yote ni sawa. Baba yake mbele alikuwa akisema, "Kanyaga pale. Si hapo, pale," na Elisaria alipokanyaga asipoambiwa tuliteleza sote, wote watatu nikihesabu na kitabu.

Tulipofika kwenye mashamba ya kahawa kichwa kiliniacha kama mtu aliyezima taa, na hapo nikagundua kibao cha wino kimepasuka mfukoni. Paja lote lilikuwa la zambarau, na katikati yake, kwa kubanwa na mgongo wa Elisaria, mhuri wa ofisi ya elimu ulikuwa umegonga vizuri kabisa, pamoja na pembe yake iliyovunjika. Katika safari ile nzima, aliyethibitishwa na serikali ni mimi peke yangu. Mke wangu alinisugua kwa jiwe wiki mbili.

Alhamisi lori la kahawa lilitushusha stesheni treni ikiwa imekwisha kupiga honi. Elisaria alikuwa na matope mpaka kwenye miwani. Mzee Ndekirwa alimsukumia mzigo dirishani, akatembea sambamba na behewa, kisha akaanza kukimbia kidogo.

"Wakikuuliza milima," akapaza sauti, "usiwaambie umeiona. Waambie walivyoandika kitabuni."

Elisaria alisema kitu, treni ikakimeza. Mzee alibaki pale mpaka moshi ukaisha. Mimi nilisimama pembeni nikiwa nimefunika paja kwa kofia. Nilitaka kumwambia pole, lakini kwa namna nilivyolielewa jambo lile, hakukuwa na la kumpa pole: mtihani umekwisha pata nafasi yake, na mlima, kwa kuwa shahidi aliugua, umeahirishwa. Nilirudi ofisini nikiwa na imani yangu nzima. Kitu kama hicho hakitoki kwa homa ya siku mbili.

Karatasi ile aliipasi. Alipopita Moshi nilimwuliza dirishani kama swali la mlima lilitoka, maana nilitaka nipate sehemu yangu ya ushindi. Akasema lilitoka la ng'ombe wa Ajentina.

Alipovishwa joho huko chuoni na kurudi na shahada yake, Mzee Ndekirwa alialika watu kihambani kwake, kwenye migomba. Mbege, pombe yao ya ndizi, ilikuwa imepikwa kwa mitungi, na mimi niliitwa mapema nichinje mbuzi, ili sisi wa Majengo nasi tule. Nilichinja kwa madaha, nikaosha mikono, nikakalishwa kiti cha mbele na kuletewa chai ya maziwa kwenye kikombe cha wageni. Bwana Pereira alikuwepo, suti nyeupe, akipeperusha nzi. Picha ikazungushwa: Elisaria na joho lake, mfuko wake mgongoni, kofia bapa. Ilipofika kwangu niliitazama kwa jicho la kazi, kisha nikauliza kwa sauti, ili wote wafaidike:

"Na Kibo ulipanda lini? Maana naona umekwisha vikwa."

Watu wakaacha kunywa. Bwana Pereira alinigeukia taratibu sana. Elisaria aliinama akaanza kusafisha miwani iliyokuwa safi. Mzee Ndekirwa aliweka kibuyu chake chini, akasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Karani," akasema, "siku ile ya kwanza ulinisimamisha dirishani tangu asubuhi mpaka kivuli kikaniishia miguuni. Ulikuwa unapanga penseli. Mguu wangu mmoja ukafa ganzi. Nikasema, kijana huyu nimwachie kitu cha kutafuna. Sharti la Kibo nililitunga palepale, nikiwa nimesimamia mguu mmoja."

"Lakini mzee," nikasema, "ulimpandisha mwanao."

"Kwa sababu wewe uliniambia. Nilikuja kuuliza kwa wema, ukanirudishia utani wangu mwenyewe, na kitabu ukakipiga kofi. Nilitembea mpaka Kirua nikijiambia, kumbe kitu nilichokitunga serikali imekikubali. Nikajiona mtu mkubwa."

Nilimtazama Bwana Pereira. Alikuwa amefunika macho kwa mkono, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Basi shahada," nikasema, "kumbe..."

"Shahada ni kupasi karatasi zote, na kukaa chuoni mihula yote," akasema Mzee Ndekirwa. "Elisaria alinieleza siku ile kwenye lori, wewe umelala. Mlima haumo. Kunywa chai, inapoa."